Mama Meno na nati ya kitanda cha mgonjwa

Saa moja asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, mama huyu anaifuta meza yake kwa kitambaa kikavu. Anatandaza gazeti la zamani. Juu ya gazeti anaweka skrubu ndefu ya chuma, nene kama kidole gumba, imelowa grisi nyeusi. Kando yake anapanga nati tatu: moja ya shaba, mbili za plastiki nyeupe.

Ile ya shaba imelika meno yote ya ndani. Ukiichungulia utadhani ni pete.

"Hii ndiyo iliyomlaza bibi wa watu," anasema, akiivaa kidoleni. "Sasa anakula akiwa chali."

Majirani humwita Mama Meno. Kazi yake ni kuchora kwenye kompyuta meno ya skrubu na nati za mitambo ambayo vipuri vyake havipatikani tena madukani. Mchoro ukikamilika humpelekea shemeji yake, mkerezaji wa vyuma katika chumba cha pili, naye hukata chuma kwa kuufuata. Jina hilo la utani limewahi kumletea mtu aliyeshika shavu, akiuliza kama anang'oa au anaziba tu.

Zamani alichora nyumba. "Nilikuwa mtu wa milango na madirisha," anasema. "Siku moja shemeji akaniomba mchoro wa bolti. Nikachora nguzo, nikaizungushia mistari. Akacheka mpaka akakaa chini."

Picha ya namna hiyo inamtosha anayekwenda kununua bolti dukani. Anayetaka kuikata upya anahitaji kuliona jino lenyewe: mbavu zake zimelala kiasi gani, kichwa chake ni bapa au cha mviringo, bonde lina kina gani. Tena lazima nati na skrubu ziachiwe nafasi ya kupumua.

"Ukizichora zilingane kabisa, kwenye kioo cha kompyuta zinapendeza, mkononi zinagoma," anasema. "Ni kama mguu na kiatu."

Kazi haina mshahara wa kutegemea. Mwezi mmoja huja wateja mpaka wanasubiriana kwenye benchi la nje, mwezi mwingine anaishia kuwachorea watu mageti.

Skrubu hii imeletwa na dereva wa lori anayemuuguza mama yake nyumbani. Kitanda ni cha hospitali, cha zamani, na upande wa kichwa huinuliwa kwa kuzungusha mpini. Nati ilipolika, mpini ukawa unazunguka bure. Mama yake amepooza upande mmoja, na akinywa kitu amelala anapaliwa. Kesho dereva anaondoka tena safarini, na mkewe hawezi kumwinua mkwewe peke yake.

"Dada, nikiondoka kitanda kikiwa hivi, gari litakwenda lakini mimi nitakuwa nimebaki," alimwambia Mama Meno.

Shaba ya kukerezea imebaki kipande kimoja tu. Shemeji ameapa hakigusi mpaka mchoro ujaribiwe kwa nati ya plastiki, ile inayotolewa na mashine ndogo pale pembeni, inayotandaza plastiki tabaka juu ya tabaka.

Jana Mama Meno alipima skrubu katikati, akachora. Nati ya kwanza ya plastiki ikagoma mlangoni, hata mzunguko mmoja haikumaliza. Akafanya wanalofanya wachoraji wengi: akaongeza nafasi pande zote. Ya pili ikaingia. Shemeji akaitikisa.

"Shemeji yangu, hii inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza."

"Si imeingia lakini?"

"Kuingia imeingia. Mlaze bibi juu yake uone."

Ndiyo maana asubuhi hii ameanza upya. Anamimina mafuta ya taa kwenye sahani, anachukua mswaki mkuukuu na kuiosha skrubu yote, ncha hadi ncha. Grisi inapotoka, mkono wake unasimama. Meno ya katikati ni membamba. Ya mwishoni ni manene, kingo zake bado zimenyooka.

Miaka yote nati ilikuwa ikisugua katikati. Mwishoni haikufika, maana ni nani anayemwinua mgonjwa mpaka skrubu iishe?

"Nilichora uchakavu," anasema taratibu. "Nilipima kwa uaminifu kabisa, kumbe napima ugonjwa nikidhani ndiyo afya."

Sasa anapima mwishoni. Anakandamiza nta laini juu ya meno, anaibandua, analisoma umbo lake kwenye mwanga wa dirisha, kisha anachora. Nati ya tatu inateleza kutoka ncha moja hadi nyingine, inalegea kidogo tu pale katikati. Shemeji anaizungusha, anaitikisa, anaguna. Anakwenda kuchukua ile shaba.

Alasiri, dereva anazungusha mpini nyumbani kwake, Mama Meno akiwa kando. Kichwa cha kitanda kinapanda.

"Polepole, mimi si gunia," anasema mama yake.

Anapanda mpaka macho yanafika dirishani. Anatazama uani kwa muda mrefu.

"Kumbe nguo zangu mnazianika huko, kila mpita njia azione?"

Mkwewe anacheka, anamshikia kikombe cha chai. Bibi anakunywa na hapaliwi.

Mama Meno ana nia ya kuzunguka kwenye zahanati na nyumba zenye vitanda kama hiki, azipime skrubu zikiwa bado nzima na kuhifadhi michoro yake. "Tusingoje mpaka mzazi wa mtu alazwe chali," anasema.

Kitanda hiki kina skrubu ya pili, ya upande wa miguu, ambayo haijaharibika. Anapiga magoti, anaingiza kichwa uvunguni.

"Wewe unatafuta nini huko?" mgonjwa anauliza.

"Napima ya miguuni, mama. Sitakawia."

"Pima taratibu, mwanangu. Mimi nimekaa."