Kuvu wa Kijani Chini ya Kitanda Changu

"Mvua ikinyesha, huyo kuvu wako atajikinga na nini? Mwavuli?"

Aliyeniuliza ni Mama Kerubo, jirani yetu huko Gesima, mwaka niliotoka chuo kikuu, mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa na shahada, nikaona inatosha kuwa jibu.

Mkosaji ni mimi, msitafute mwingine.

Mama yangu alikuwa katika risaga, kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu. Viazi vyao walivinyunyizia mrututu, ile dawa ya buluu ya kuua kuvu, wote siku moja, maana ukungu wa viazi haujui mpaka wa shamba. Mimi nikaja na hoja. Maabarani nilikuwa nimeona kuvu wa kijani akimmaliza kuvu mwenzake ndani ya kisahani. Basi sumu ya nini? Nikamkuza juu ya mahindi ya kuchemsha, chini ya kitanda, nikamkoroga kwa maji.

"Umeshamjaribu shambani?" mama akauliza.

"Mama, sayansi ni ileile popote."

Akanitazama, akawarudishia wenzake bomba la mrututu, na shamba letu tukalinyunyizia kuvu wangu peke yake.

Mvua ikanyesha mfululizo. Kuvu wangu, maskini, hakuwa na mwavuli. Majani yakaingia madoa meusi, shamba likanuka uozo, na ukungu ukavuka hadi kwa Mama Kerubo. Mrututu wake haukufua dafu mbele ya shamba zima linalooza ubavuni. Viazi vyake ndivyo vilivyokuwa mbegu ya kikundi kizima.

Risaga ikamtoa mama. Akawa analima peke yake, mgongo umepinda, huku mimi nikimhutubia juu ya ujinga wa wanawake wanaoogopa mambo mapya. Hotuba nzuri sana. Jembe sikulishika.

Mimi niliyehoji kila kitu, hata mahubiri ya Sabato, sikuwahi kujihoji kwa nini hakuna aliyenilaumu. Mama Kerubo aliendelea kuniita Profesa na kunikatia ndizi.

Enyi wasomi mnaorudi nyumbani na tiba zisizo na sumu, sisemi mzitupe. Hata leo sumu siipendi. Lakini jaribuni kwenye tuta moja, kabla ugonjwa haujaingia, na tuta hilo liwe lenu, si la mama zenu.

Mama tulimzika miaka kadhaa baadaye. Siku ile ndipo Mama Kerubo aliponieleza kwamba mama aliiambia risaga kuwa mimi nilimsihi apige mrututu, na yeye ndiye aliyekataa.