Wanataka Mume Wangu Anenepe, na Mpishi Ni Mimi

Admin, jina langu lifiche. Mji uache, ni Babati, nataka wanaohusika wajitambue wakisoma.

Nina miaka arobaini na nane, naishi Nangara, ni mkulima na mama wa mabinti watatu. Mume wangu alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani. Alikuwa mnene, na kwa ukoo wao unene wa mwanamume ni sifa ya mke. Akinenepa, mke anapongezwa. Akikonda, mke anahojiwa.

Nilipojifungua binti wa tatu, mama yangu alimkumbusha mume wangu habari ya kondoo. Kwetu mzazi huchinjiwa kondoo, akanywa supu na mafuta yake ili mwili urudi. Mume wangu alijibu mbele ya mama na majirani, "Kondoo kwa msichana wa tatu? Apike maharage." Nikala maharage. Baadaye akahamia Bonga kwa mwanamke mwingine. Huyo alipojifungua mvulana, nilimwona kondoo wake akipitishwa mbele ya nyumba yangu, amefungwa nyuma ya bodaboda.

Mwaka juzi kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Kisukari alikuwa nacho siku nyingi, dawa akinywa anapokumbuka. Yule wa Bonga alimleta kwa bajaji, akamshusha pamoja na begi la nguo.

"Mama Neema, nimekurudishia mume wako," akasema. "Mimi nina mtoto mdogo, siwezi kumgeuza kitandani."

"Alipokuwa anajigeuza mwenyewe mbona hukumrudisha?" nikamuuliza. Akapanda bajaji yake.

Nilimpokea. Msinisifu kwa hilo. Nilitaka aione sura yangu kila asubuhi.

Daktari wa kliniki ya kisukari alinieleza vizuri. Tumbo lipungue, lakini polepole. Asikonde ghafla, kwa sababu akipoteza nyama za miguu hatasimama tena. "Mama, hatutafuti wembamba, tunatafuta nguvu," alisema. "Akinenepa haraka mlete. Akikonda haraka mlete pia. Kiharusi cha pili hakitamwachia alichoachiwa na cha kwanza."

Nilifuata. Ugali kidogo, mboga nyingi, maharage, yai, samaki wa ziwani. Dawa kwa saa zake. Jioni namtembeza uani, mkono wake begani kwangu, na yeye ni mzito. Leo anafika chooni mwenyewe kwa fimbo. Tumbo limeshuka, mashati yanampwaya, na kliniki wameridhika naye.

Ukoo haukuridhika. Mwezi uliopita alikuja wifi yangu mkubwa pamoja na shemeji. Wifi alishika mkono wa kaka yake, akauzungushia vidole kuupima.

"Huyu ndiye kaka yangu? Mama Neema, hata mbwa wa jirani yako wameshiba kuliko huyu."

Nikaeleza maneno ya daktari. Shemeji akacheka. "Huyo daktari tunakutana naye kwenye nyama choma, shemeji. Yeye anatafuna mbavu, kaka yetu anatafuna majani."

Nikamgeukia mume wangu, nikingoja aseme kwamba sasa anatembea. Maneno yake hutoka kwa shida, lakini haya yalitoka yamenyooka: "Ananinyima chakula."

Wifi hakupandisha sauti. Alisema, "Tumeelewa. Unalipiza yule kondoo."

Miaka yote hiyo nilidhani wamesahau. Kumbe wanajua walichonifanyia, na wanakikumbuka vizuri kabisa.

Wiki iliyopita wakaleta kondoo aliyenona, wakachinja uani kwangu. Mafuta waliyoyeyusha yamejaa ndoo, ipo jikoni, na pembeni wameacha kreti ya soda. Wifi aliniagiza nimpe mafuta hayo kila siku. "Tukirudi tukamkuta hivi, tutajua ni wewe."

Sasa nielewe mimi, na nyinyi mnielewe. Nikimpa wanachotaka, atanenepa, na nitasifiwa. Siku akianguka, wifi atanishika mkono msibani aseme nilimtunza kaka yake mpaka mwisho. Hakuna atakayeniuliza swali. Miaka yote nimewaza namna ya kulipiza, na wao wenyewe wameniletea mpaka jikoni.

Juzi nilijaribu. Nilimpakulia sahani ya wali, nikaumwagia upawa mzima wa mafuta ya kondoo, nikamfungulia soda. Alikula mpaka jasho likamtoka. Kisha akanitazama na ule upande wa uso unaoweza kucheka, akasema, "Asante, Mama Neema."

Nimempikia tangu nikiwa msichana. Neno hilo sikuwahi kulisikia mezani. Sikulipata kwa chakula kilichomsimamisha, nimelipata kwa hiki.

Asubuhi nilimpima sukari. Nilipoona kipimo nilivuta kigoda nikakaa. Nikampa dawa na uji bila sukari. Akausukuma. "Mafuta yako wapi?"

Kipo kisasi kingine, hicho ni kirefu. Niyamwage mafuta, nimweke hai, mwembamba, mwenye nguvu zake, aje kila siku kwa fimbo kuomba chakula kwa mama wa wasichana watatu. Nakipenda zaidi hiki. Lakini wifi ameshasema wakimkuta amekonda watamhamishia kwake, na kwa wifi atakula mafuta mpaka afe, halafu kifo chake wataniandikia mimi.

Msinishauri kusamehe. Kanisani wameshaniambia, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kumgeuza.

Jumapili ukoo wote unakuja kumkagua. Watakaa sebuleni, nitaleta sahani yake mbele yao, na yeye atakuwa ananitazama na ule upande wa uso unaocheka. Ndoo imepungua upawa mmoja tu.

Nishaurini, nimwage au nipakue?