Machipukizi ya Benigna

Pale Kanazi, binti akiolewa bila chipukizi la mgomba kutoka kibanja cha Benigna, watu waliona harusi ina walakini. Mwanamke yule hakujua kunyima. Kujisifu alijua pia, tusimsingizie wema mtupu: "Mkungu wangu haubebwi na mtu mmoja!"

Kwa hiyo bintiye Elieth alipoolewa Kagoma, kule Muleba, Benigna alimng'olea machipukizi kumi kutoka kwenye shina alilopanda marehemu mama yake. "Huyu ndiye bibi yako," alimwambia. "Mtunze."

Miaka miwili baadaye, mikungu ya Benigna ikaanza kutoka midogo ya aibu. Majani yalikuwa na michirizi ya njano, mingine imeshageuka myeusi. Alimwaga samadi, akatandaza nyasi, akalaumu mvua, akamlaumu na jirani. Wapi! Mwishowe akamwita bwana shamba, Kagaruki.

Kagaruki aligeuzageuza jani. "Ni virusi, mama. Dawa hakuna. Ng'oa shina lote, mpaka mizizi, upande mbegu safi za kitalu. Na chipukizi lililotoka hapa huenda liliondoka na ugonjwa, hata kama lilionekana zima."

"Hata machipukizi ya miaka miwili iliyopita?"

"Hata hayo."

Mawe, mama yangu! Benigna alikaa chini palepale. Kung'oa mgomba wa mama yake kulimuuma, lakini alimaliza siku ileile. Kilichomkosesha raha ni Kagoma, maana Elieth na wanawe walitegemea kibanja tu.

Kesho yake akapanda basi na jembe lake.

"Shikamoo mama! Mbona na jembe, kwani kwangu hakuna?"

Benigna aliitikia huku akitembea. Alipita moja kwa moja kibanjani, akainua jani. Michirizi ilikuwapo.

"Mwanangu, nilikupa ugonjwa. Tunang'oa."

"Si ulisema huyu ndiye bibi?"

"Nilisema. Sasa nasema ng'oa."

Waling'oa mashina yote kumi. La mwisho lilipolala chini, Elieth akaanza kulia.

"Mama, na mimi nimegawa. Nimempa jirani yangu Georgina, nimempa Immakulata, hata mama mkwe. Nilitaka wanisifu kama wanavyokusifu wewe."

Benigna hakumkaripia. Angemkaripia kwa lipi? Alitwaa jembe lake, akauliza kwa Georgina ni njia ipi.