Fundi Anaeli na Pampu za Usa River

Fundi Anaeli hakuwahi kuomba pampu ziharibike, ila zilipoharibika hakununa. Kwa miaka sita, kila kisanduku cha kuendesha pampu za shamba la maua la Usa River kilipogoma, alitoka ofisini Themi, mjini, na begi lake, akakitengeneza, kisha Kandida, msimamizi wa banda la waridi, akamkaribisha chai ya maziwa na ndizi za kuchoma. Kandida ni mjane, Anaeli mgane. Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Anaeli alikibana chake miaka yote sita, akabaki kusifia ndizi.

Mwezi huu bosi akampa kazi mpya. Kompyuta ndogo iliyo ndani ya kisanduku igawanywe kwa programu ambayo vijana wa ofisini huiita haipavaiza, iwe kama kompyuta mbili: moja iendeshe pampu, nyingine izungumze na ofisi. Kila moja ipangiwe vifaa vya kuigiza, vilivyoandikwa tu kwenye faili, nayo ivitumie kama vya kweli. Kazi ikikamilika, hitilafu zote zitatibiwa kutoka Themi. Hakuna fundi atakayekwenda tena shambani.

Alhamisi mipangilio mipya ikawashwa, na pampu zikawa viziwi. Wafanyakazi wa Kandida wakaanza kumwagilia kwa ndoo. Haikumchukua Anaeli muda kuliona kosa: vifaa viwili vya kuigiza alikuwa amevipa namba ileile ya kuitwa, hivyo kikiitwa hiki, kinaitika kile. Dawa yake ni kubadili tarakimu moja.

Hakuibadili mara moja. Akiiacha, kesho watamtuma Usa River, na safari hii atamwambia Kandida yaliyo moyoni. Alimtamani mwanamke yule. Lakini mwenye kubeba ndoo ni nani, kama si Kandida na wenzake? Akaona aibu, akaibadili. Pampu zote zikaitika.

Saa kumi Kandida akapiga simu. "Asante fundi, maji yanatoka vizuri."

"Nashukuru, mama Angel. Siku hizi nazitengenezea hapahapa ofisini."

"Kwa hiyo hakuna kitakachokuleta huku tena?"

Alijua anaulizwa nini. Maneno ya miaka sita yakamjaa mdomoni, yakakataa kutoka.

"Hakuna," akasema.

"Haya, fundi. Kazi njema."

Simu ikakatika. Anaeli akabaki ameishika sikioni, akimsikiliza asiyekuwepo.