Mkunga Aliyesomea Samaki

Barua ya kukubaliwa chuo kikuu ilimkuta mkunga jikoni. Aliisoma amesimama, akairudisha kwenye bahasha, akaendelea kumenya viazi. Si yeye aliyeomba nafasi hiyo. Kaka yake ndiye aliyejaza fomu, baada ya kumwona amekaa ndani mwaka mzima kama mzigo usio na mwenyewe.

"Ufugaji wa samaki?" aliuliza.

"Ndiko kulikobaki nafasi," kaka alisema. "Halafu samaki hawapigi kelele."

Kwa miaka kumi na sita alikuwa amezalisha wanawake, na mikono yake ilisifiwa. Kisha mdogo wao wa mwisho akaletwa kujifungua wodini kwake. Damu ikakataa kukatika, akamfia mikononi, yeye na mtoto. Mkunga hakulia. Watu walisema ana roho ngumu. Yeye mwenyewe alijiona kama amevaa glavu mwili mzima: anagusa, lakini hakuna kinachomfikia.

Chuoni, darasani walikaa siku mbili tu kwa wiki. Siku nyingine zote ni matopeni. Wenzake, vijana ambao angeweza kuwazaa, walimbandika jina la Shangazi. Alichimba, akavuta nyavu, akapima joto la maji, akaoga, akalala. Wenzake walilalamikia harufu ya mabwawa. Yeye hata hakuisikia.

Mwaka wa pili ikafika zamu ya kutotolesha kambale. Jike lilidungwa sindano ya kukomaza mayai jioni, na asubuhi tumbo lilikuwa limejaa na kulegea. Mwalimu wa mabwawa, mzee asiye na breki mdomoni, akamwita mwanafunzi wa kwanza ayatoe mayai kwa mkono. Kijana alibinya kama anayekamua nguo. Samaki akajipinda, yakatoka mayai machache yenye damu.

"Unamuua! Shangazi, hebu njoo wewe."

Alimfunika samaki macho kwa kitambaa kibichi, akaweka dole gumba nyuma ya mapezi ya mbele, akaliteremsha taratibu. Mayai yakamiminika kwenye beseni.

"Haya umejifunzia wapi?" mwalimu aliuliza.

"Wodini."

Mwalimu alicheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha. Akampa mbegu za dume na unyoya wa kuku. "Changanya."

Alichanganya. Alisubiri kitu kimpande kifuani, iwe hofu, iwe machozi. Hakikuja. Akanawa mikono, akaenda kuandika joto la maji.

Siku ya pili yake mayai yakaanguliwa, vijana wakashangilia hadi wakamwagiana maji. Jioni kaka akapiga simu.

"Vifaranga wangapi?"

"Hawahesabiki. Kama vumbi linalotembea."

"Umefurahi?"

Alifikiri. Hakutaka kumdanganya. "Sijui, kaka. Ila leo nimekula sahani nzima."

"Basi na kesho ule."

Alimaliza shahada bila kufeli somo, na chuo kikamwajiri palepale, kwenye chumba cha matangi ya mayai. Yuko huko hadi leo. Wanafunzi wapya humwogopa kwa sababu hacheki. Mmoja wao akibinya jike vibaya, hamkaripii. Humshika mkono, akauweka panapotakiwa, akauelekeza mpaka mayai yatoke, kisha akarudi kwenye kiti chake karibu na dirisha.