Kitufe cha Msaragambo

Si kweli kwamba binti yangu Blandina aliwaita watu wa Bombo waje kutulimia shamba bure. Yeye alitengeneza programu ya simu ya kuitia msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kijiji, badala ya kupiga baragumu. Vitufe vya kawaida vilibadilika sura kutoka simu moja hadi nyingine, kwa hiyo akaunda cha kwake, kinachofanya kazi sawa kwenye simu zote. Mwitaji huchagua mahali, kisha hukishikilia kwa sekunde tano ndipo wito uende.

Jumamosi ile watu walifika shambani kwangu na majembe. Simu ya wito hukaa kwa Asheri, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye tangu msiba haachi kuliulizia shamba hilo, akisema ni la ukoo wao.

"Shemeji, kimejibonyeza mfukoni," aliniambia akicheka.

"Sekunde tano, Asheri? Na shamba langu kikalichagua chenyewe?"

"Mambo ya watoto wa kompyuta hayo, shemeji."

Blandina alikijaribu mbele yangu kwa kiwiko, kisha mfukoni akipanda mlima. Hakikuita hata mara moja.

Mengine muulizeni Asheri. Mimi sisemi zaidi.