Mikono ya Benta

Hapa mtaani Ziwani mtoto akizaliwa, anayeitwa ni mke wangu Benta. Wiki za mwanzo ndiye humwogesha, humkanda na kumpaka mafuta. Wako vijana wenye ndevu leo waliopitia mikononi mwake.

Mwaka huu mikono hiyo ilianza kumwasha. Kisha miguu, kisha mgongo. Ngozi ilikauka ikawa kama imepakwa unga, na kila alipojikuna ilibaki mistari. Akaogopa kwamba angewaambukiza watoto. Akawa anajisugua kwa maji moto, sabuni ya mche na dawa ya kuua viini. Alivyozidi kusugua, ndivyo alivyozidi kuwashwa.

Jirani yetu Phelister alimwona mferejini akichota maji.

"Mama Jacky, unajikuna kama mbwa wa machinjioni Kiamaiko. Na hao watoto wetu je?"

Wanawake walicheka. Benta alicheka pia. Baada ya hapo watoto wakazaliwa kwenye ploti tunayopanga, na hakuna aliyekuja kutubishia mlango.

Binti yetu Jacklyne alikuwa na mimba yake ya kwanza. Benta aliniambia, "Huyu mjukuu nikinyimwa, basi nimekwisha."

Nilimsindikiza zahanati, nikaketi nikitazama viatu vyangu. Nesi alimuuliza kuhusu hedhi. Ilikuwa ikija na kupotea.

"Mama, hii haiambukizi. Mwili unaelekea kukoma hedhi, na ngozi nayo hukauka. Acha maji moto na hizo sabuni kali. Ukitoka kuoga jipake mafuta kabla ngozi haijakauka."

Njiani Benta akaniuliza, "Sasa hayo nitayasema vipi pale mferejini?"

 Hata mimi siwezi kuyatamka mbele ya watu. Basi hatukumwambia mtu yeyote.

Jacklyne alipokuja na mtoto, karai lilikuwa tayari. Wanawake walijaa mlangoni, Phelister mbele, mikono ya sweta ameshaipandisha. Jacklyne aliitazama mikono ya mama yake, akamtazama Phelister, kisha akamkabidhi mama yake mtoto.

"Mwogeshe, Mama."

Hakuna aliyepiga vigelegele.

Siku chache baadaye mtoto aliamka na vipele shingoni. Vya joto tu, watoto wengi huvipata. Benta alimfunika shali haraka, lakini Phelister alikuwa ameingia kuazima kiberiti, na alikuwa ameshaviona.

Alitoka bila kiberiti.